Upasuaji wa kupunguza uzito: BMI 43, kisukari na kiungulia cha kila usiku. Hatari zipimwe vipi?

Mizani

Habari zenu wana jamvi. Nauliza kwa niaba ya mdogo wangu wa kike. Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii kwa undani, maana wa kumtia moyo tunao na wa kumtisha tunao.

Miaka 38, urefu mita 1.62, kilo 113, kwa hiyo BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 43. Kisukari aina ya 2 kwa miaka mitano, yuko kwenye metformini na gliklazaidi, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu) ya mwisho 8.6. Presha anameza dawa mbili, moja ni ya kukojosha. Anakoroma sana na mara nyingine pumzi hukatika akiwa usingizini, ila hajawahi kupimwa. Kiungulia karibu kila usiku, anatumia omeprazoli. Havuti sigara. Bado hajafunga mlango wa kuzaa.

Amependekezewa sliivu, ule upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo ukabaki mrija. Hofu yake ni kufia mezani. Yangu ni ya baadaye: miaka mitano mbele, nini huwa kinaharibika? Na je, sliivu ndiyo inayomfaa kweli?

Nusu Kaputi

Salaam Mizani. Nianze na meza, kwa kuwa ndiyo inayowanyima watu usingizi.

Utafiti wa LABS wa Marekani, uliochapishwa 2009, ulifuatilia watu 4,776 waliofanyiwa upasuaji huu kwa mara ya kwanza. Ndani ya siku 30 walifariki 0.3%, yaani watatu katika kila elfu. Waliopata angalau balaa moja kubwa (kifo, donge la damu kwenye mishipa, kurudishwa kufanyiwa tiba nyingine, au kutoruhusiwa kutoka hospitali hadi siku ya 30) walikuwa 4.3%. Humo wamo hata waliofunguliwa tumbo zima. Kwa matobo madogo, kwenye timu inayofanya kazi hii kila wiki, vifo siku hizi viko chini ya hapo.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Uswidi waliwasajili wagonjwa kuanzia 1987 hadi 2001: 2,010 walipasuliwa, 2,037 wanaofanana nao wakaendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyotolewa 2020 yalionyesha waliopasuliwa waliishi wastani wa miaka 3 zaidi ya wenzao, ingawa bado walipungukiwa na miaka 5.5 ukiwalinganisha na watu wengine wa nchi ile. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo namba hizo zisomwe kwa tahadhari, lakini ufuatiliaji wa muda mrefu hivyo ni nadra. Hatari ya kufa kwa upasuaji unailipa karibu yote mwezi wa kwanza, na faida inakuja kidogo kidogo kwa miaka ishirini. Ndiyo maana hofu huonekana nzito kuliko ilivyo.

Wanaofariki, wengi hawafii mezani. Wanaondolewa na donge la damu linalopanda kwenye mapafu, au na uvujaji mahali palipokatwa, na mara nyingi wakati huo wameshafika nyumbani. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: siku ya tisa, saa nane usiku, mapigo yakienda mbio, nani atapokea simu, na apelekwe wapi ambapo kuna CT skani na mpasuaji anayeujua upasuaji huu?

Katika maelezo yako kilichonishtua zaidi ni "hajawahi kupimwa". Apimwe usingizi kabla ya kupanga tarehe. Pumzi ikikatika usingizini, halafu baada ya upasuaji mtu akapewa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, usiku ule wa kwanza ndio wa hatari. Akikutwa na tatizo hilo, aanze kutumia mashine ya kusukuma hewa wiki kadhaa kabla, azoee barakoa yake, na aje nayo wodini. Alazwe kichwa kikiwa juu, na kipimo cha oksijeni kidoleni usiku kucha.

Mengine yanayoshusha hatari mapema ni sukari (timu nyingi hupenda HbA1c iwe karibu na 8 au chini), sindano za heparini za kuzuia damu kuganda, na kutembea siku ile ile ya upasuaji. Pia kuna mlo wa wiki mbili wa kalori 800 hadi 1,000 kwa siku. Watu hudhani ni mtihani wa nidhamu, kumbe ni kwa ajili ya ini. Pande la kushoto la ini hulala juu ya sehemu hasa anayotaka kufika mpasuaji. Likijaa mafuta linakuwa zito, linachanika kirahisi na kutoa damu. Wiki mbili hizo hulipunguza.

Mkasi

Naongezea pale alipoishia Nusu Kaputi, na nitakuwa wazi: mwenye kiungulia cha kila usiku akipendekezewa sliivu bila kuingiziwa kamera ya kupitia mdomoni kwanza, mimi ningesimamisha mazungumzo hapo.

Sliivu inafanywaje? Mpira wenye unene wa milimita 12 hadi 13 unapitishwa mdomoni mpaka tumboni. Mpasuaji anakata na kubana kwa stepla kandokando yake, na asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula inatolewa nje ya mwili moja kwa moja. Hairudi. Kinachobaki ni mrija mwembamba. Chini yake mlango wa kuingilia utumbo upo vilevile na unafunga kama kawaida, kwa hiyo presha ndani ya mrija hupanda, na njia rahisi ya asidi ni kurudi juu kwenye umio. Katika utafiti wa SM-BOSS wa Uswisi, baada ya miaka mitano kiungulia kilizidi kwa 31.8% ya waliofanyiwa sliivu dhidi ya 6.3% ya baipasi (upasuaji unaofanya chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo, naueleza hapa chini). Wapo wanaolazimika kurudi mezani kubadilishiwa sliivu kuwa baipasi kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo kamera kwanza. Itafute mambo matatu: kama sehemu ya tumbo imepanda kifuani kupitia tundu la kiwambo, kama ngozi ya ndani ya umio imeshaanza kubadilika kwa kuunguzwa na asidi, na kama kuna bakteria wa vidonda vya tumbo, wauliwe kabla. La pili likikutwa, sliivu iondolewe mezani.

Baipasi ya kawaida huacha kifuko cha juu cha mililita 30 hivi. Chukua vijiko viwili vikubwa vya chakula ujaze maji: ndiyo nafasi yenyewe. Sehemu kubwa ya tumbo inabaki ndani lakini chakula hakipiti humo. Utumbo mwembamba unakatwa, upande mmoja unapandishwa na kushonwa kwenye kifuko, na nyongo inakutana na chakula mbele zaidi, kiasi cha sentimita 100 hadi 150. Asidi na nyongo hazina njia rahisi ya kufika kwenye umio, ndiyo maana ni tiba nzuri ya kiungulia pia.

Kwa upande wa sukari, jaribio la STAMPEDE lilipima nani amefika HbA1c ya 6.0 au chini baada ya miaka mitano: dawa peke yake 5%, sliivu 23%, baipasi 29%. Mdogo wako ana kisukari cha miaka mitano na hajaanza insulini, na kundi hilo ndilo hufaidika zaidi. Akichelewa miaka kumi, kongosho litakuwa limechoka na upasuaji ule ule utampa kidogo.

Kuhusu kinachoharibika. Kwa sliivu, uvujaji hutokea juu kabisa karibu na umio, mara chache sana chini. Ukuta wa tumbo pale ni mwembamba, damu inayofika ni kidogo, na mrija ukiwa umejipinda au umebana katikati, presha yote inasukumwa juu. Unaweza kujitokeza wiki ya pili au ya tatu, mtu anajiona kapona. Dalili ya mapema ni mapigo ya moyo. Yakizidi 120 akiwa ametulia, aende hospitali, asisubiri homa. Tumbo la mtu mnene haliwi gumu kama ubao hata ndani kukiwa na usaha, na hapo ndipo wengi hupotezewa muda. Pumzi za haraka na maumivu ya bega la kushoto ni dalili pia. CT ikionekana safi na mapigo bado yako juu, ikubalike kwamba picha imekosa, mpasuaji amchungulie kwa kamera kupitia matobo ya tumboni.

Mizani

Asanteni sana, hili la kamera hatukuambiwa. Mawili zaidi. Rafiki zake wanamwambia aachane na kisu atumie sindano za kila wiki za kupunguza uzito. Na je, akitaka mtoto baadaye?

Dawa na Dozi

Mkuu, sindano ni dawa halisi na ni nzuri, ila isome namba ya mtu mwenye kisukari. Zile zinazotangazwa ni za wasio nacho: semaglutaidi miligramu 2.4 ilipunguza wastani wa 14.9% ya uzito kwa wiki 68, na tirzepataidi miligramu 15 ikapunguza 20.9% kwa wiki 72. Kwa wenye kisukari aina ya 2, majaribio ya dawa hizo hizo yalitoa 9.6% na 14.7%. Kwa kilo 113 hiyo ni kilo 11 hivi na kilo 17 hivi. Sliivu kwa kawaida huondoa robo ya uzito na baipasi karibu 30%, japo wenye kisukari hupungua kidogo chini ya wastani huko pia.

La pili ni kwamba sindano ikiachwa uzito unarudi. Waliosimamisha semaglutaidi walirudisha thuluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Asiianze akidhani ni jaribio la miezi sita, ajiulize kama ataipata mwaka wa nne. Inaweza pia kutumika kabla ya upasuaji kushusha uzito na sukari, lakini lazima mtaalamu wa nusu kaputi aambiwe. Dawa hizi huchelewesha tumbo kumwaga chakula, mtu akafunga usiku mzima na bado akawa na chakula tumboni, kikapanda na kuingia mapafuni wakati wa kulazwa usingizi.

Kuhusu dawa zake za sasa. Gliklazaidi ipunguzwe au isimamishwe tangu ule mlo wa wiki mbili kabla ya upasuaji. Akiimeza kama kawaida kwa kalori 800, sukari itaanguka. Metformini huendelea baada ya upasuaji, lakini ya kawaida, si ile ya kuyeyuka polepole siku nzima, kwa sababu baipasi haiipi muda. Ile dawa ya presha ya kukojosha huwa ya kwanza kuondolewa: mtu anayekunywa maji kwa funda dogo dogo, ukimkojosha, figo zake zinaumia ndani ya siku chache. Presha ipimwe nyumbani kila siku mwezi wa kwanza, na dawa zipunguzwe kwa kufuata namba.

Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake zote ziondoke kwenye kabati la nyumba baada ya baipasi, maisha yote. Zinatoboa kidonda pale utumbo ulipoungwa na kifuko. Sigara hufanya hivyo hivyo. Paracetamoli inatosha kwa mengi. Omeprazoli aendelee angalau miezi mitatu, na kidonda kikitokea, afungue kapsuli ameze chembechembe zake. Kinapona haraka zaidi kuliko akiimeza nzima. Aulizie pia asidi ya ursodeoksikoliki kwa miezi sita ya kwanza, kwa sababu kupungua haraka hutengeneza mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Sahani Ndogo

Naunga mkono mengi, ila kwa Mkasi nina neno. Baipasi inadai vidonge kila siku mpaka kufa. Kabla ya kuichagua kwa ajili ya kiungulia, mdogo wako ajiulize kama virutubisho hivyo atavipata bila kukatika na kama vipimo vya damu atavifanya kila mwaka. Sliivu nayo inahitaji vidonge, lakini inasamehe kidogo. Baipasi haisamehi.

Kiasi chenyewe ni hiki. Kalsiamu ya sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, igawanywe kwa dozi zisizozidi 500 au 600, maana zaidi ya hapo utumbo hauchukui. Vitamini D uniti 3,000. B12 ya kumeza mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku, au sindano ya 1,000 kila mwezi. Madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi. Juu ya hayo, kidonge cha vitamini mchanganyiko chenye shaba na zinki. Chuma na kalsiamu vinagombana, viachane kwa saa mbili. Mpangilio unaofanya kazi ni chuma usiku wakati wa kulala, kalsiamu asubuhi, mchana na jioni. Ukivimeza vyote pamoja ili umalize kazi, umevitupa.

Hatua za chakula: wiki mbili za mwanzo vimiminika, mbili zinazofuata vilivyosagwa laini, kisha laini vya kutafunwa, na chakula cha kawaida kuanzia wiki ya sita au ya nane. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, iliwe kwanza kabla ya kitu kingine sahanini. Maji lita moja na nusu, kwa kunywa funda dogo dogo kutwa nzima. Asinywe pamoja na chakula, asubiri nusu saa. Atafute kipimo cha mililita 30, akimalize kwa robo saa. Hiyo ndiyo kasi ya siku za kwanza, na ni ngumu kuliko inavyosomeka.

Naomba hili lisomwe mara mbili. Akitapika mfululizo kwa siku kadhaa, vitamini B1 inaisha haraka sana, na dalili ni macho kucheza au kuona viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Akifika hospitali apewe B1 ya kwenye mshipa KABLA ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia inakausha ile kidogo iliyobaki, na ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Ndugu anayemsindikiza alijue hili kwa kichwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe wakati huo hatakuwa wa kujieleza.

Kuhusu mtoto: asubiri miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie. Shida ni kwamba rutuba hurudi mapema kuliko watu wanavyotarajia, na vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki baada ya baipasi. Kitanzi au kijiti, na kiwekwe kabla ya upasuaji. Akiwa tayari, vitamini A ya aina ya retino ibadilishwe iwe betakarotini, na kwa kuwa ana kisukari atahitaji foliki asidi ya dozi kubwa, miligramu 5, kabla ya mimba mpaka wiki ya 12. Kliniki isimnyweshe ile glukosi ya kupima kisukari cha mimba. Kwa mwenye baipasi itashuka utumboni kwa mkupuo, atatoka jasho, moyo utaenda mbio, anaweza kuzirai. Apime sukari kidoleni nyumbani kwa wiki moja badala yake.

Pombe niitaje kwa ufupi: baada ya baipasi inapanda kichwani haraka na kwa kiwango cha juu, na uraibu huonekana zaidi kuanzia mwaka wa pili. Aliyewahi kuwa na shida nayo aseme mapema. Vivyo hivyo aliyewahi kuwa na sonona. Matukio ya kujidhuru huongezeka kwa baadhi ya watu baada ya upasuaji, na hilo hufuatiliwa vizuri likijulikana tangu mwanzo.

Mkasi

Sahani Ndogo, neno lako nimelipokea. Kama vidonge havina uhakika, basi sliivu pamoja na kurekebisha tundu la kiwambo inaweza kujadiliwa, mradi kamera ionyeshe umio mzima na akubali kwamba huenda akahitaji upasuaji wa pili. Ila nisingekubali aichague kwa sababu tu ni fupi na "nyepesi".

Mizani, hatari moja ya baipasi sijaigusa na ndiyo inayohusu zaidi swali lako la miaka mitano. Utumbo ukipandishwa unaacha mianya kwenye utando wake. Mtu akishapungua, mafuta ya utando yanayeyuka, mianya inapanuka, na utumbo unaweza kupenya humo na kujisokota. Maumivu yake ni ya kukaza, juu ya tumbo au upande wa kushoto, mara nyingi baada ya kula, yanakuja na kuondoka. Kati ya shambulio moja na jingine mtu anajiona mzima kabisa, vipimo vya damu ni vya kawaida, na anarudishwa nyumbani na dawa ya gesi. Wajawazito wako hatarini zaidi miezi ya mwisho kwa sababu mji wa mimba unausukuma utumbo juu. Hapo mpasuaji achungulie kwa kamera kupitia matobo ya tumboni hata kama picha haisemi kitu, kwa sababu utumbo uliokosa damu kwa saa kadhaa haurudi.

Kwa hiyo muulizeni mpasuaji: mianya yote miwili unaishona? Umefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi mwaka uliopita, na wangapi walirudi mezani ndani ya siku 30? Anayefanya kazi hii vizuri ana namba hizo na hakasiriki kuulizwa.

Na aandikiwe kadi ya kukaa nayo kwenye pochi: aina ya upasuaji, tarehe, "asipewe diklofenaki", "B1 kabla ya glukosi", na "mpira wa puani usiingizwe bila kuongozwa na kamera au eksirei". Wodi isiyojua ana kifuko cha mililita 30 itausukuma kama inavyousukuma kwa kila mtu, na utatoboa mshono.